Gitaa Liseme Ukweli Wake: Kuunda, Kubadili na Kuzeesha Gitaa la Umeme Nyumbani

Mazungumzo yaliyotolewa Ifakara mbele ya wanamuziki, wanakwaya, mafundi na wanunuzi wa ala za muziki



Huenda baadhi yenu mnajiuliza ni kwa nini ofisi inayoshughulikia haki za mlaji imeamua kuzungumza juu ya gitaa. Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mabati, mbegu, simu na vipodozi. Hata hivyo, gitaa la umeme ni bidhaa kama zilivyo hizo, tena ni bidhaa yenye mambo matatu yanayoweza kumdhuru mnunuzi bila yeye kujua: mbao, umeme na jina. Mbao huweza kuwa mbichi au kuwa za wizi. Umeme huweza kuua. Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa huweza kuwa la uongo.

Katika bonde hili la Kilombero jambo hilo lina uzito wa pekee. Wengi wanaonunua gitaa hapa hulinunua kwa fedha inayopatikana mara moja kwa mwaka, baada ya mpunga kuuzwa au miwa kulipwa. Wengine hununua kwa michango ya kwaya au ya bendi, shilingi elfu mbili mbili zilizokusanywa kwa miezi mingi. Gitaa likiwa bovu, hasara huwa ya watu wote waliochanga, na mara nyingi lawama humwangukia yule aliyetumwa kwenda kulinunua.

Nitasema neno moja kubwa, na mengine yote yatakuwa ni kulifafanua. Mtu kuunda gitaa nyumbani kwake si kosa. Kubadili gitaa lake si kosa. Hata kulichakaza kwa makusudi ili lionekane la kale si kosa. Kosa huanza pale ukweli wa gitaa hilo unapofichwa asiujue yule anayelilipia, au yule atakayelishika likiwa limeunganishwa na umeme.

Kazi yenye heshima yake

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkoa wetu wa Morogoro unaijua kweli hiyo kwa upande wa muziki. Hapa ndipo ilipovuma Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliyokwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Tangu zamani, vijana waliotamani kupiga kama wale wakubwa na hawakuwa na fedha ya gitaa la dukani walianza na kopo, ubao na waya wa breki ya baiskeli. Huko Kinshasa, fundi Misoko Nzalayala, anayejulikana kwa jina la Socklo, alijipatia sifa kwa kuwaundia wanamuziki wa jiji hilo magitaa kwa mkono wake.

Mfano unaojulikana zaidi duniani unatoka Uingereza, nao una udugu wa mbali na sisi. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Brian May, alianza kuunda gitaa lake mwaka 1963 akiwa bado kijana wa shule, akisaidiwa na baba yake, aliyekuwa mjuzi wa vifaa vya elektroniki. Shingo ya gitaa hilo ilichongwa kutoka katika ubao wa zaidi ya miaka mia moja uliokuwa sehemu ya meko ya kuotea moto. Matundu ya wadudu yaliyokuwamo ndani ya ubao huo aliyaziba kwa vijiti vya kiberiti. Springi mbili zilitoka katika pikipiki kuukuu, na alama za kwenye shingo zilikuwa vifungo kutoka katika kikapu cha kushonea cha mama yake. Gitaa hilo amelipiga maisha yake yote mbele ya maelfu ya watu.

Mambo mawili katika habari hiyo yanatuhusu. La kwanza, hakutumia mbao mpya, bali alitumia mbao zilizokwisha kukauka kwa miaka mingi. La pili, hakubandika juu yake jina la kiwanda chochote. Kila anayeliona hujua ni gitaa la nani na lilitoka wapi, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya thamani yake.

Mbao: subira na uhalali

Nyuzi sita za gitaa la umeme zilizokazwa sawasawa huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 45, usiku na mchana. Shingo iliyochongwa kwa mbao mbichi haiwezi kustahimili mvuto huo. Itapinda, nyuzi zitainuka mbali na freti, yaani vile vichuma vinavyoigawa shingo, na gitaa halitashika sauti tena. Ndiyo maana magitaa mengi ya viwandani huwekewa nondo nyembamba ndani ya shingo, inayoweza kukazwa au kulegezwa ili kuinyoosha. Anayejiundia gitaa bila nondo hiyo hana budi kuchagua mbao kwa uangalifu zaidi.

Hali ya hewa yetu huongeza ugumu. Bonde ni la joto, na miezi ya mvua ni mingi. Ubao uliokaa Ifakara wakati wa masika hunywa unyevu wa hewani, kisha huutoa kiangazi, na kila mara hutanuka au husinyaa kidogo. Gitaa lililoundwa hapa kwa haraka na kupelekwa Iringa au Njombe, kwenye hewa kavu na baridi, laweza kupasuka ndani ya miezi michache. Kanuni ya mafundi wa zamani ni kwamba ubao wenye unene wa inchi moja, ukikaushwa kivulini penye upepo, huhitaji mwaka mzima hivi. Asiye na kifaa cha kupima unyevu anaweza kutumia mizani: apime uzito wa ubao kila wiki na kuandika. Uzito ukiendelea kupungua, ubao bado unatoa maji. Ukitulia kwa wiki kadhaa, hapo unafaa kuchongwa.

Kwa sababu hiyo, kitanda cha mninga kilichovunjika au kizingiti cha mlango wa zamani mara nyingi ni mali bora kwa mwundaji kuliko ubao uliotoka kupasuliwa jana. Akague tu matundu ya bungua, na ang'oe misumari yote kabla ya kupitisha randa au msumeno.

Bonde hili lina mbao ambazo mafundi wa nchi nyingine wanazitafuta. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, umepandwa katika mashamba makubwa ya Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990. Ni mbao tulivu isiyopindapinda ovyo, ila ina mafuta ya asili, hivyo mahali pa kugandisha pafutwe kwa thina muda mfupi kabla ya kutia gundi, vinginevyo kiungo kitaachia. Mninga una uzito wa wastani na huchongeka vizuri. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, nao hutumika kwa ubao mwembamba wa juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga. Anayepiga msasa mbao hizi avae barakoa na afanyie kazi nje, maana vumbi lake, hasa la mpingo, huwasha ngozi na kuudhi mapafu.

Baada ya ubora wa mbao huja uhalali wake. Msitu wa asili una mwenyewe, iwe ni serikali kuu, halmashauri au kijiji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mazao yake yavunwe kwa leseni na kusafirishwa kwa hati. Unaponunua ubao, dai risiti na uulize umetoka wapi. Muuzaji halali hatachukia swali hilo. Mpingo, pamoja na jamaa zake wote, uliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 2017. Mwaka 2019 masharti hayo yalilegezwa kwa ala za muziki zilizokwisha kukamilika, lakini si kwa magogo na mbao. Msidhani mambo haya huwahusu wadogo tu. Mwaka 2012 kampuni kubwa ya Gibson ya Marekani ilikubali kulipa dola 300,000 ili kumaliza shauri lililotokana na mbao za ebony ya Madagaska zilizonunuliwa kinyume cha sheria.

Umeme: pale ambapo kosa halina marudio

Naomba sehemu hii isikilizwe na kila mmoja, hata asiyepanga kuunda chochote.

Gitaa lenyewe halina umeme wa kuua. Chini ya nyuzi zake kuna pikapu, nayo si ile ya kubebea mpunga, bali ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya, na umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya. Mtu anaweza kuishika pikapu siku nzima asidhurike.

Hatari hutoka upande wa pili wa waya. Katika magitaa mengi, daraja ambalo nyuzi zimefungwa limeunganishwa kwa waya hadi kwenye bodi ya chuma ya amplifaya, ili kupunguza mvumo usiotakiwa. Maana yake ni kwamba mpigaji anaposhika nyuzi, ni kama ameishika bodi ya amplifaya. Amplifaya ikiwa nzima na ethi ikiwa imeunganishwa, hilo halina neno. Umeme ukivuja ndani yake, hukimbilia ardhini kupitia ethi, na fyuzi hukatika. Lakini ethi ikiwa haipo, umeme wa volti 230 hukaa kwenye nyuzi ukisubiri. Mpigaji hatasikia kitu hadi atakapokanyaga ardhi yenye maji akiwa peku, au atakapoigusa maikrofoni iliyounganishwa na mashine nyingine. Hapo mwili wake ndio huwa njia ya umeme.

Haya yameua watu mashuhuri. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani huko Swansea mwaka 1972 alipoigusa maikrofoni huku ameshika gitaa. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alifariki kwa umeme mwaka 1976 akiwa na gitaa lake, naye hakuwa jukwaani bali nyumbani kwake.

Sasa tazameni mazingira yetu. Tunapiga harusini na kwenye mikutano chini ya maturubai, mara nyingi juu ya ardhi mbichi. Tunatumia jenereta ndogo isiyochimbiwa nondo ya ethi. Kuna wanaochomeka nyaya tupu ukutani na kuzibana kwa vijiti vya kiberiti kwa sababu plagi imepotea. Na kuna mafundi wanaokata pini ya ethi kwa makusudi ili kuondoa mvumo kwenye spika. Ni kweli kwamba mvumo huweza kupungua, lakini mpigaji naye huwa ameondolewa kinga yake. Mvumo una tiba nyingine: funga vizuri ngao ya waya wa gitaa, tumia soketi za mahali pamoja kwa mashine zote, na peleka mashine ikaguliwe.

Kwa hiyo, yashikeni haya. Plagi ya pini tatu isiguswe. Ukumbi au kanisa ambalo kwaya hufanyia mazoezi likaguliwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na aulizwe kama ethi ipo kweli. Pawekwe pia swichi ya kinga inayokata umeme mara unapovuja kufikia miliampia 30. Mpigaji avae viatu vikavu. Akihisi msisimko mdomoni au vidoleni, hata mdogo, aache kupiga na umeme uzimwe kwanza, ndipo maswali yaulizwe. Mwisho, mwundaji wa nyumbani asiifungue amplifaya ya kale ya vali za kioo. Ndani yake mna kapasita zinazotunza mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kubadili gitaa

Mwaka 1950, kiwanda cha Leo Fender huko Marekani kilianza kuuza gitaa lenye kiwiliwili cha ubao mzito usio na uwazi, na shingo iliyofungwa kwa skrubu badala ya gundi. Nia ilikuwa kurahisisha kazi na matengenezo. Matokeo yake ni kwamba gitaa la aina hiyo hufunguliwa kama baiskeli. Shingo ya moja huwekwa kwenye kiwiliwili cha jingine, pikapu hubadilishwa, vifunguo vya kukazia nyuzi huondolewa na kutiwa vingine.

Huo ndio uhuru wa anayependa kazi hii. Lakini mnunuzi aelewe kwamba gitaa moja laweza kuwa na sehemu zilizotoka katika magitaa manne, na kila moja ina umri na thamani yake. Anayebadili gitaa lake atunze sehemu za asili ndani ya kisanduku, kwa kuwa siku ya kuuza zitampandishia bei. Anayempelekea fundi gitaa aandike kabla ya kuondoka kilichomo, kinachobadilishwa, gharama na siku ya kuchukua, na pande zote mbili zitie sahihi. Karatasi ya daftari inatosha. Adai pia kurudishiwa kila kilichotolewa. Pikapu nzuri iliyobadilishwa kwa siri na kuwekwa mbovu haionekani kwa macho hadi mtu afungue kifuniko.

Kwa wanaochomelea wenyewe: risasi ya kulehemia inayouzwa madukani mara nyingi ni mchanganyiko wa bati na madini ya risasi. Fanyieni kazi penye hewa, nawieni mikono kabla ya kula, na watoto wasichezee mabaki. Thina na rangi ya kupuliza visitumiwe karibu na jiko la mkaa wala sigara.

Kuzeesha: sanaa na udanganyifu

Gitaa lililopigwa miaka mingi hupata alama zake. Rangi hulika pale mkono unapoegemea, shingo hulainika, vyuma hufifia. Watu wengi hupenda sura hiyo. Tangu mwaka 1995 Fender yenyewe imekuwa ikiuza magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi kiwandani, na mnunuzi huambiwa wazi kwamba ni mapya. Nyumbani, watu hutumia msasa, chai ya rangi, siki, chumvi na funguo za kukwaruzia. Ni burudani isiyo na lawama, ila nawasihi mwache asidi ya betri ambayo wengine huitumia ili vyuma vishike kutu. Asidi hiyo huunguza ngozi na macho, na tone moja dogo latosha kumpofua mtu.

Udanganyifu huanza pale gitaa lililozeeshwa mwezi uliopita linapouzwa kama la miaka arobaini iliyopita. Na katika bonde letu kuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Kwa unyevu na jasho la hapa, nyuzi mpya huweza kushika kutu ndani ya wiki chache za masika, na skrubu ndani ya msimu mmoja. Gitaa la miaka mitatu lililotundikwa ukutani Ifakara huweza kuonekana la miaka ishirini bila mtu yeyote kulichakaza. Kwa hiyo kutu si cheti cha kuzaliwa. Asiamini mtu umri wa gitaa kwa sababu tu limeparara.

Hata hivyo, uchakavu wa kweli una mantiki. Mkono huacha alama mahali unapofika. Gitaa lenye rangi iliyolika mgongoni na kwenye kingo zote, lakini freti zake bado zina urefu kamili na hazina mashimo ya nyuzi, halijapigwa sana, limekwaruzwa. Skrubu zilizojaa kutu kwenye ubao safi usio na doa lolote huenda zilipakwa kutu kabla ya kufungwa. Harufu ya siki, ya dawa ya viatu au ya rangi mbichi haitoki kwenye kitu cha kale.

Jina nalo lisikutie upofu. Kibandiko cha kampuni maarufu hupatikana kwa urahisi na huweza kuwekwa juu ya ubao wowote. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuiwekea bidhaa ya biashara alama au maelezo ya uongo, na fundi wa nyumbani anayeuza kazi yake chini ya jina la kiwanda cha Marekani huingia humo, hata kama kazi yake ni nzuri. Zaidi ya sheria, anajinyima mwenyewe. Akiandika jina la mwingine kila mara, hakuna mteja atakayelijua jina lake.

Na muuzaji akikuambia gitaa hili lilipigwa na Mbaraka Mwinshehe, usikasirike wala usishangilie. Hesabu miaka. Mbaraka alifariki Januari 1979. Gitaa lenye sehemu zilizotengenezwa baada ya hapo haliwezi kuwa lilipita mikononi mwake likiwa hivyo lilivyo. Hadithi isiyo na picha, barua wala shahidi isiongeze hata shilingi moja kwenye bei.

Kabla hujalipa

1. Litazame gitaa kwa urefu, ukiweka jicho kwenye kichwa kama anayelenga shabaha. Shingo iwe imenyooka, au iwe na mbonyeo mdogo sana, na isijipinde kama kamba iliyosokotwa.

2. Pima kutoka mwanzo wa nyuzi juu ya shingo hadi freti ya kumi na mbili, kisha kutoka hapo hadi kwenye daraja. Umbali huo wa mara mbili ukaribiane sana kulingana. Tofauti kubwa ina maana kwamba gitaa halitalingana sauti hata likazwe vipi.

3. Piga kila uzi katika kila freti. Sikiliza mahali panapokwaruza au panapokufa sauti.

4. Lichomeke kwenye amplifaya yenye ethi uliyoikagua. Zungusha kila kifundo na usikilize mikwaruzo.

5. Omba kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Viungo vipya vinavyong'aa ndani ya gitaa linalodaiwa kuwa la kale na halijaguswa ni swali linalotaka jibu.

6. Uliza maswali manne: limeundwa na nani, mbao ni gani, nini kimebadilishwa, na je, uchakavu huu ni wa kawaida au wa makusudi? Omba majibu yaandikwe juu ya risiti.

7. Dai risiti ya EFD pale muuzaji anapopaswa kuitoa. Kwa mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano yenye picha ya gitaa na majina ya mashahidi.

Ukiona umedanganywa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, historia au asili ya bidhaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inataka kilichouzwa kwa maelezo fulani kilingane na maelezo hayo. Yale maneno tunayoyaona ukutani, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayampi mtu yeyote ruhusa ya kudanganya.

Anza na muuzaji mwenyewe, kwa adabu na kwa maandishi. Tunza risiti, tangazo, picha na ujumbe wa simu mlizoandikiana. Usilifungue wala kulitengeneza gitaa kabla halijaonwa na mtu wa tatu, maana utakuwa umeharibu ushahidi wako. Mkishindwa kuelewana, mwone Afisa Biashara wa Halmashauri, kisha Tume ya Ushindani. Ikiwa ni amplifaya au kifaa kingine cha umeme kinachotia shaka kwa usalama, toa taarifa pia kwa Shirika la Viwango Tanzania. Malalamiko yako huweza kumwokoa mnunuzi wa baada yako.

Karatasi ndani ya gitaa

Nimalizie kwa ombi kwa mafundi na waundaji wa nyumbani. Chini ya shingo, pale inapokutana na kiwiliwili, kuna nafasi isiyoonekana. Andikeni hapo kwa kalamu isiyofutika, au wekeni karatasi ndogo chini ya kifuniko cha nyuma: limeundwa Ifakara, na fundi fulani, mwaka fulani, kiwiliwili ni mtiki, shingo ni mninga, pikapu ilibadilishwa tarehe fulani, rangi imechakazwa kwa makusudi. Kazi hiyo huchukua dakika tano.

Karatasi hiyo itafanya mambo matatu. Itamlinda mnunuzi wa kesho. Itamlinda fundi dhidi ya lawama ya kitu ambacho hakukifanya. Na endapo gitaa hilo litadumu miaka hamsini, likapita mikono mingi na kufika mahali ambapo hakuna anayelijua bonde hili, atakayelifungua atasoma ndani yake kwamba liliundwa na mikono ya watu wa Kilombero. Hapo uzee wake utakuwa wa kweli, na jina lake pia.